Foklifti ya gesi inayopiga misi kwenye resi kubwa: jinsi ya kutafuta chanzo hatua kwa hatua

Foklifti inawaka bila shida, inatulia kwenye sailensi (mzunguko wa chini bila kukanyaga) bila kutikisika, na ikitembea tupu hakuna cha kulalamikia. Dereva akikanyaga ili apandishe mlingoti wenye tani mbili, injini inaanza kukatakata, inapiga misi (silinda nyingine haziwaki), pengine inarudisha moto kwenye manifodi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Mara nyingi kitu cha kwanza kuguswa ni skrubu ya mchanganyiko wa gesi. Nakuomba uiache mahali ilipo mpaka mwisho kabisa. Skrubu hiyo inaweza kuficha ubovu kwa wiki kadhaa, na wanaoumia ni wapakiaji wanaovuta kaboni monoksidi ndani ya ghala lenye milango miwili tu. Gesi hiyo haina harufu wala rangi.

Kabla ya kushika spana, elewa kwa nini ubovu unajitokeza juu na si chini. Kwenye sailensi injini inahitaji gesi kidogo sana. Ikifika mizunguko 2,500 kwa dakika huku pampu ya haidroliki inasukuma mzigo, inahitaji nyingi mno. Kwa hiyo njia ya gesi iliyoziba nusu itailisha sailensi bila tatizo na kuiacha injini na njaa kwenye resi. Moto, yaani mfumo wa cheche, nao ni vivyo hivyo: kipepeo cha kupitisha hewa kikifunguka, silinda hujaa na mgandamizo huongezeka, na cheche huhitaji volti kubwa zaidi ili iruke. Mchanganyiko wa gesi na hewa ni mgumu kuwaka kuliko wa petroli, hivyo koili au waya wa plagi uliochoka hushindwa hapo hapo. Kinyume chake, gasketi ya manifodi inayovuta hewa kidogo, au skrubu ya sailensi iliyoharibiwa, huonekana zaidi injini ikiwa chini. Kama sailensi yako ni nzuri, usianzie huko.

Mwongozo huu unahusu zaidi mashine zenye regyuleta (kifaa cha kushusha presha ya gesi na kuigeuza mvuke) na kabureta ya gesi (kifaa cha kuichanganya na hewa), kama zile zinazotumia injini za Toyota 4Y au Nissan H20 na H25. Zenye kompyuta nitazigusia baadaye.

Usalama kwanza, kwa ufupi lakini kwa uzito

Fanya kazi nje au mahali penye upepo wa kutosha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kukaa kwenye mashimo, kwa hiyo usiiweke foklifti juu ya shimo la ukaguzi wala karibu na mtaro. Kabla ya kufungua kiungo chochote, funga valvu ya mtungi na uiache injini iungurume mpaka izime yenyewe, ili gesi iliyobaki kwenye mipira iungue. Vaa glovu na miwani, kwa sababu gesi ya maji, yaani ikiwa bado kimiminika, ikikumwagikia inaunguza ngozi kwa baridi yake. Uvujaji hutafutwa kwa maji ya sabuni. Kiberiti kisionekane hapo.

Hatua ya 1: Ujue ugonjwa wenyewe

Kaa kwenye kiti uendeshe mwenyewe, usitegemee maneno ya dereva tu. Foklifti nyingi zina gavana inayozuia injini kupita kikomo kilicho kati ya mizunguko 2,400 na 2,800. Injini ikipanda na kushuka kwa mpigo unaolingana kwenye kikomo hicho, lakini haikosi nguvu ikibeba mzigo, huenda ni gavana inayoyumba. Angalia fimbo zake, springi, na kama kipepeo kinakwama. Misi ya kweli haina mpigo unaolingana, na huzidi ukiongeza mzigo.

Ili uipe injini mzigo bila kubeba kitu, piga resi, kisha vuta wenzo wa kuinamisha mlingoti mpaka mwisho na uushikilie sekunde 3 au 4, usizidishe. Pampu itasukuma dhidi ya valvu ya usalama ya haidroliki na injini itabanwa. Utaitumia njia hii karibu kila hatua.

Jiulize pia: ubovu unakuja injini ikiwa baridi au ikishapata moto? Mtungi ukiwa umejaa au ukikaribia kuisha? Baada ya kubadili mtungi au baada ya sevisi? Majibu hayo huokoa nusu siku.

Kama mashine inatumia petroli na gesi zote mbili, una bahati. Igeuze kwenye petroli na urudie jaribio lile lile. Misi ikibaki, achana na gesi, nenda moja kwa moja kwenye moto na injini yenyewe. Ikitoweka, gesi ndiyo mshukiwa mkuu, ingawa usiusamehe moto bado: plagi iliyochoka inaweza kuiwasha petroli na kushindwa kuiwasha gesi.

Hatua ya 2: Mtungi na mahali unapofungwa

Hapa ndipo ninapotaka ukae zaidi, kwa sababu makosa ya hapa hayagharimu kipuri chochote na yanapuuzwa sana.

Mtungi wa foklifti umetengenezwa kutoa gesi ikiwa bado ya maji. Ndani yake kuna mrija unaofika chini, na mtungi unapolazwa lazima ukae upande maalumu: kuna tundu kwenye mkono wake linaloingia kwenye pini ya kitanda. Ukikosa pini hiyo, mrija unaweza kuangalia juu. Mtungi ukijaa hutaona kitu. Ukifika nusu, mrija utaanza kuvuta mvuke badala ya maji, na injini itakatakata kila ukikanyaga. Hatari yake ni kubwa kuliko misi, maana valvu ya usalama nayo imehama kutoka upande wa mvuke.

Kisha kuna valvu ya kuzuia mtiririko kupita kiasi. Kazi yake ni kujifunga mpira ukipasuka. Dereva akifungua mtungi kwa haraka, gesi inayokimbilia kwenye mpira mtupu huidanganya valvu hiyo ikajifunga. Huacha upenyo mdogo tu, unaotosha kuwasha injini na kuitunza kwenye sailensi, lakini hautoshi kuinua mzigo. Dalili zake ndizo hizi hizi tunazozitafuta. Funga valvu ya mtungi, subiri dakika moja, mara nyingi utasikia mlio mdogo wa valvu ikirudi, halafu fungua polepole sana, robo zamu kwanza, kisha yote mpaka mwisho. Jaribu tena. Kama misi imekwisha, umemaliza kazi. Kilichobaki ni kumfundisha dereva.

Angalia na kiunganishi cha mpira. Kina valvu mbili ndogo zinazosukumana. Kisipofungwa mpaka mwisho, hazifunguki sawasawa na gesi hupita kwa shida. Kifunge kwa mkono wenye glovu, si kwa koleo. Oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) iwepo na isiwe imepasuka.

Jambo la mwisho hapa nalisema kwa msisitizo: usifunge mtungi wa jikoni kwenye foklifti. Mtungi wa kupikia hutoa mvuke kutoka juu. Foklifti ya tani 2 au 3 hula takriban kilo 2 hadi 4 za gesi kwa saa kulingana na kazi, na mtungi mdogo hauwezi kuchemsha gesi kwa kasi hiyo kwa muda mrefu. Utapoa, utaganda nje, presha itashuka, na injini itakufa njaa kwenye resi. Wengine huupindua kichwa chini ili utoe maji. Hapo valvu ya usalama imezama kwenye maji, na mtungi haukutengenezwa kwa mtikisiko wa foklifti. Ukikuta hali hiyo, simamisha mashine na umweleze mwenye nayo kwa nini.

Hatua ya 3: Fuata baridi

Gesi ya maji ikigeuka mvuke hunyonya joto. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na ujazo wake ukiwa mvuke ni karibu mara 270 ya ule wa maji. Kwa hiyo popote presha inaposhuka ghafla, hapo patakuwa na baridi. Tabia hii ndiyo chombo chako bora cha kupima, na ni ya bure.

Ipe injini resi na mzigo kwa dakika chache, zima, kisha shika kwa uangalifu kila sehemu kuanzia kwenye mtungi. Mpira unapaswa kuwa na joto linalokaribiana na la hewa mpaka kwenye regyuleta. Ukikuta mahali pamefanya umande mzito au barafu kabla ya kufika huko, njia imeziba hapo hapo: kwenye kiunganishi, ndani ya mpira ambao ngozi yake ya ndani imeachia, kwenye chujio, au kwenye valvu ya kukata gesi. Chujio hubadilishwa, halioshwi. Mpira uliotoka mapovu au uliolegea ndani nao hubadilishwa, na uwe wa gesi ya foklifti, si wa jiko.

Valvu ya kukata gesi ziko aina mbili. Ya umeme ipime kwa maltimita injini ikiwa kwenye resi, si ikiwa imezima: inahitaji volti za betri zote. Waya ulioachia au eathi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) yenye kutu huifanya ifunguke nusu. Ile inayofunguliwa kwa mvuto wa injini ina kimpira chembamba na dayaframu (utando mwembamba unaosogea kwa mvuto). Kimoja kikitoboka haifunguki vizuri.

Sasa regyuleta yenyewe. Maji ya moto ya injini hupita ndani yake kuichemsha gesi. Injini ikishapata moto, regyuleta iwe ya moto mkononi. Ikiwa imeganda barafu, tatizo lako ni la maji ya rejeta: yamepungua, kuna hewa imenasa, mipira imebanwa, au termostati (valvu inayodhibiti joto la maji ya injini) imetolewa na injini haipati joto la kutosha. Mafundi wengi wa pwani hutoa termostati kwa kuhofia injini kuchemka, na kwa foklifti ya gesi jambo hilo huleta balaa. Gesi isiyochemka yote huingia kwenye kabureta ikiwa na matone, na injini huzubaa na kutoa moshi. Kwenye asubuhi za baridi za Njombe au Limuru tatizo huonekana mapema zaidi, hasa gesi ikiwa na butani nyingi, ambayo huchemka karibu na nyuzi sifuri.

Hatua ya 4: Gesi haitoshi au imezidi?

Kama barafu haikuonyesha kitu, pata jibu la swali hili kabla ya kufungua chochote kingine. Ishikilie injini kwenye resi inayopiga misi, halafu ziba sehemu ya mdomo wa chujio la hewa kwa kipande cha ubao. Simama kando, wala usitumie kiganja, maana moto ukirudi utakuunguza. Injini ikitulia na kupata nguvu, gesi ilikuwa haitoshi. Ikizidi kuzubaa, gesi imezidi au hewa tayari ni chache. Isipobadilika kwa vyovyote, nenda kwenye moto.

Regyuleta nyingine zina kitufe cha kuanzishia gesi. Kukibonyeza kidogo injini ikiwa kwenye resi huongeza gesi, na huleta jibu lile lile kwa njia nyingine. Kurudisha moto kwenye manifodi huelekeza kwenye upungufu wa gesi au kwenye moto mbovu. Harufu kali na macho kuwasha nyuma ya eksozi huelekeza kwenye gesi iliyozidi.

Hatua ya 5: Presha ya regyuleta na kabureta

Regyuleta ina vyumba viwili. Cha kwanza hushusha presha ya mtungi mpaka kidogo sana. Kwenye IMPCO Model J, ambayo imeenea sana, ni karibu psi 1.5 (psi ni kipimo cha presha). Cha pili hufunguka pale tu kabureta inapovuta. Funga gesi, acha injini izime yenyewe, toa plagi ya kupimia ya chumba cha kwanza na ufunge geji ndogo ya psi 0 hadi 5. Washa na uipe injini mzigo kwa njia ya mlingoti.

Sindano ikishuka injini inapobanwa, gesi haifiki au valvu ya chumba cha kwanza imekwama. Ikikaa imara huku injini bado ina njaa, kosa liko mbele: chumba cha pili, mpira unaokwenda kwenye kabureta, au kabureta yenyewe. Ikipanda taratibu injini ikiwa sailensi, kiti cha valvu kimechafuka na hakifungi.

Uchafu huo ni mafuta mazito meusi yanayobaki gesi inapochemka. Regyuleta nyingi zina plagi ya kuyatolea chini. Yatoe injini ikiwa bado ya vuguvugu, gesi imefungwa na njia zimekauka, nje ya jengo. Kama dayaframu imekuwa ngumu au imejaa mafuta hayo, weka seti mpya ya vipuri vya ndani. Kuosha dayaframu kwa petroli kunaiharibu.

Kwenye kabureta, toa mfuniko wa juu na uinue dayaframu dhidi ya mwanga. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuifanya valvu ya hewa isipande mpaka juu, na injini itaishiwa nguvu palepale ulipolalamikia.

Hatua ya 6: Moto

Usisome rangi za plagi kwa mazoea ya petroli. Gesi huungua safi na kuacha plagi ikiwa nyeupe hata ikiwa mchanganyiko si sahihi. Tazama ncha zilizolika, kauri yenye ufa, na nafasi. Mara nyingi nafasi huwa kati ya milimita 0.7 na 0.9, lakini fuata kitabu cha injini yako. Nafasi ikitanuka kwa kulika, volti inayohitajika hupanda na misi huanzia kwenye mzigo.

Waya za plagi zipime kwa maltimita. Kwa Toyota, waya mmoja usizidi kilo-omu 25. Fungua kofia ya distribyuta (kifaa cha kugawa umeme wa cheche kwenye plagi) utafute mistari myeusi ya kaboni, kutu kwenye miguu ya shaba, na rota iliyoungua. Jaribio zuri sana ni kuwasha injini gizani, ukiwa na hakika hakuna uvujaji wa gesi, na kutazama cheche zinazoruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye bodi.

Taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, nayo. Kwenye distribyuta za zamani kuna vizito vinavyosogeza moto mbele kadiri resi inavyopanda. Vikikwama kwa kutu, injini huwa nzito juu na hupata joto. Weka taa ya taimingi, panda taratibu kutoka sailensi, na uangalie alama ikisogea bila kukwama. Kumbuka mpangilio wa kuwaka wa 4Y ni 1-3-4-2. Waya mbili zilizobadilishana kwenye sevisi hazijifichi kwa kawaida, ila nimeona injini zikiendeshwa hivyo hivyo.

Hatua ya 7: Hewa na eksozi

Vumbi la saruji na pumba za nafaka huziba chujio la hewa haraka kuliko ratiba ya sevisi inavyosema. Jaribu dakika moja bila chujio, mahali pasipo na vumbi, uone kama kuna tofauti.

Eksozi iliyoziba hupimwa kwa geji ya vakyumu kwenye manifodi. Karibu na usawa wa bahari, kama Mombasa au Dar es Salaam, injini nzima kwenye sailensi husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Kila mita 300 unazopanda huondoa kama inchi 1, hivyo Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu, kipimo kitashuka kwa inchi 5 hivi bila ubovu wowote. Shikilia resi 2,500 bila mzigo kwa nusu dakika. Sindano ikishuka polepole na kuendelea kushuka, moshi hautoki: sailensa (bomba la kupunguza kelele) imeporomoka ndani au kichujio cha kemikali cha eksozi kimeyeyuka, jambo linalowapata wale walioendesha muda mrefu na misi.

Hatua ya 8: Injini yenyewe

Kama bado hujapata, pima kompresheni, injini ikiwa ya moto na kipepeo kikiwa wazi kabisa. Kinachotia shaka ni tofauti baina ya silinda. Yoyote iliyo chini ya asilimia 75 ya ile ya juu kabisa haifai. Gesi ni kavu, haina chochote cha kulainisha viti vya valvu za eksozi, na viti hivyo huzama taratibu. Valvu zinazorekebishwa kwa skrubu hupoteza nafasi yake, na zikishapata moto hazifungi sawasawa. Rekebisha nafasi kwa kipimo cha kitabu. Springi za valvu zilizochoka nazo hujitokeza kwenye resi ya juu pekee, zikiacha kompresheni ikisoma vizuri, kwa hiyo usizisahau.

Mashine zenye kompyuta, kama Toyota 4Y-ECS au Nissan K21 na K25, hupitia hatua zile zile za mtungi, baridi na moto. Tofauti ni kwamba unaanza kwa kusoma kodi za hitilafu kwenye dashibodi, na presha za gesi unazichukua kwenye kitabu cha mtengenezaji tu. Hazina skrubu ya kuchezea, na hilo ni jema.

Sasa skrubu

Ubovu ukishapatikana na kuondolewa, ndipo mchanganyiko urekebishwe. Propani huhitaji takriban kilo 15.6 za hewa kwa kila kilo moja, na sikio la fundi, hata liwe zuri namna gani, haliwezi kupima hilo. Tumia mashine ya kupima moshi. Rekebisha sailensi kwanza, kisha skrubu ya nguvu ukiwa kwenye resi kamili na mlingoti umebanwa, ukilenga kaboni monoksidi isiyozidi asilimia 1, na kwa foklifti ya ndani ya ghala lenga nusu ya hapo. Nguvu ikipungua kidogo ukilinganisha na alivyozoea dereva, mweleze sababu yake, usiirudishe kwa skrubu.

Beba mzigo halisi, panda nao, tembea nao, kisha paka skrubu alama ya rangi na uandike tarehe, presha na asilimia ya moshi kwenye kadi ya mashine ili fundi ajaye aone ulipoiacha.